Jinsi ya kufikisha jambo lako katika bunge la kaunti na kulifuata mpaka litekelezwe

Zahanati ya wadi imefungwa miezi minne. Wakazi wanamwendea MCA, yaani mjumbe wa wadi yao katika bunge la kaunti, MCA anawasilisha hoja, bunge la kaunti linaipitisha kwa kishindo, video inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Mwaka mmoja baadaye kufuli ingali mlangoni. Watu husema tumehadaiwa, na wakati mwingine ni kweli. Lakini mara nyingi hoja ile ilipita kwenye mlango usio na pesa, na hakuna aliyewaeleza wakazi kwamba azimio la bunge na pesa za bajeti ni safari mbili, kila moja na tarehe zake.

Mwongozo huu ni wa mwananchi wa kawaida wa Kenya, awe Lamu yenye wadi 10 au Nairobi yenye wadi 85. Nitaishikilia zahanati hiyo moja kama mfano tangu mwanzo hadi mwisho, maana kanuni za bunge husomeka vizuri zaidi ukiwa na jambo mkononi.

Hakikisha jambo ni la kaunti

Kabla ya kuandika barua yoyote, fungua Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, Sehemu ya Pili. Humo ndimo zilimoorodheshwa kazi za kaunti: zahanati na vituo vya afya, barabara za kaunti, masoko, leseni za vileo, kilimo, elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, huduma za maji, uzoaji taka, zimamoto. Polisi, shule za msingi na sekondari, na barabara kuu ziko chini ya serikali ya kitaifa. Ukilipelekea bunge la kaunti malalamiko kuhusu darasa la shule ya sekondari, litakusikiliza kwa heshima kisha litakuambia hapo si pake, na utakuwa umepoteza miezi. Fedha za NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa serikali ya kitaifa, nazo ni za eneo bunge na hazipitii kwa MCA kabisa. Mkanganyiko huu ni wa kawaida sana, hata kwa watu waliosoma.

Zahanati yetu ni ya kaunti. Tuendelee.

Jifunze kusoma Ratiba ya Shughuli

Kila kikao cha bunge huwa na Ratiba ya Shughuli, karatasi inayotaja kitakachofanyika siku hiyo na kwa mpangilio gani. Mabunge mengi huiweka kwenye tovuti yao, na pale tovuti inapolala, ofisi ya Karani wa Bunge ndiyo huitoa. Mengi hukutana Jumanne alasiri, Jumatano asubuhi na alasiri, na Alhamisi alasiri, ila kuna wiki za mapumziko, kwa hiyo omba pia kalenda ya vikao. Kikao maalumu hutangazwa na Spika.

Mpangilio wenyewe haubadiliki sana. Baada ya dua huja taarifa kutoka kwa Spika, kisha ujumbe, kisha ardhilhali, yaani maombi ya wananchi. Hufuata hati zinazowasilishwa Mezani, taarifa za hoja, kauli, na mwishoni miswada na hoja zenyewe zinazojadiliwa.

Wageni wengi huchoka na zile dakika za mwanzo na kungoja mjadala. Mimi nawasihi wafanye kinyume. Hati zinazowekwa Mezani ndizo moyo wa kazi ya bunge. Mwenyekiti wa kamati husimama, hutaja jina la ripoti, huiweka mezani, huketi. Haichukui hata dakika mbili. Ila karatasi hiyo inaweza kuwa ripoti ya ukaguzi wa idara ya afya, au makadirio ya bajeti ya mwaka mzima. Tangu ilipowekwa Mezani ni hati ya bunge, na unaweza kuomba nakala yake kwa jina na tarehe. Andika vyote viwili kwenye daftari. Daftari hilo litakufaa kuliko hotuba kumi.

Ingia ukumbini

Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti lifanye kazi kwa uwazi, likutane hadharani pamoja na kamati zake, na lishirikishe wananchi. Umma na wanahabari hawawezi kuzuiwa isipokuwa kwa hali isiyo ya kawaida ambapo Spika ameona kuna sababu za kuridhisha. Kwa hiyo langoni huendi kuomba msaada, unakwenda kutumia haki. Beba kitambulisho, vaa kwa staha, zima simu, na usipige makofi wala kuzomea ukiwa kwenye roshani ya umma.

Ukiwa ndani, hesabu waliomo. Akidi ya bunge la kaunti ni thuluthi moja ya wajumbe wote, na mjumbe yeyote anaweza kuinuka na kusema haijatimia. Mambo mengi ya kawaida hupita ukumbi ukiwa na watu wachache, na kujua ni nani aliyekuwapo siku suala la wadi yako lilipojadiliwa ni habari ambayo mpiga kura anaistahili.

Sikiliza pia kura zinavyopigwa. Spika huuliza swali, wanaoafiki husema ndio, wanaopinga husema la, naye hutangaza anavyosikia. Sauti haziandikwi kwa majina. Ukitaka ijulikane nani alisema nini, mwombe MCA wako mapema adai kura ya majina pamoja na wenzake wa kutosha kama kanuni za kudumu zinavyotaka. Yaliyosemwa utayapata kwenye Hansard, na yaliyoamuliwa utayapata kwenye kumbukumbu rasmi za kikao. Hizo ni hati mbili tofauti. Ukiombwa ushahidi wa azimio, peleka kumbukumbu za kikao.

Tofauti ya azimio na sheria

Hapa ndipo zahanati nyingi hukwama.

Sheria huanza kama mswada. Husomwa mara ya kwanza, hupelekwa kwenye kamati ambayo hupokea maoni ya wananchi, husomwa mara ya pili na kujadiliwa, hupitiwa kifungu kwa kifungu na kamati ya bunge zima, kisha husomwa mara ya tatu. Kwa Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, Spika humpelekea gavana mswada ndani ya siku 14, na gavana ana siku 14 za kuutia sahihi au kuurudisha pamoja na maelezo ya pingamizi lake. Akinyamaza, huhesabiwa ameukubali. Akiurudisha na wajumbe wakashikilia msimamo wao kwa thuluthi mbili, hurudi kwake na lazima autie sahihi ndani ya siku saba. Na hauwi sheria inayotumika mpaka uchapishwe kwenye Gazeti Rasmi.

Azimio halina safari hiyo. Ni hoja iliyotolewa, ikaafikiwa, ikajadiliwa na kupitishwa. Yako maazimio yenye nguvu kamili kisheria, kama lile la kuidhinisha uteuzi wa waziri wa kaunti, la kupitisha makadirio ya bajeti, au la kumwondoa gavana, ambalo huhitaji thuluthi mbili ya wajumbe wote na kisha huenda Seneti. Lakini hoja ya kawaida ya MCA huishia na maneno kama haya: "Bunge hili linaihimiza serikali ya kaunti kufungua zahanati." Angalia kitenzi. Linahimiza. Waziri asipofanya, hajavunja sheria yoyote. Amepuuza bunge, na hilo lina dawa yake, lakini haliendi mahakamani kama deni.

Simaanishi hoja hazina kazi. Hoja huweka jambo kwenye kumbukumbu na huipa kamati msingi wa kudai majibu. Kosa ni kuipokea kana kwamba ni hundi.

Chagua mlango

Una milango mitatu, na ningeibisha kwa mpangilio huu.

Wa kwanza ni kauli. MCA huomba mwenyekiti wa kamati ya afya alieleze bunge kwa nini zahanati imefungwa, lini itafunguliwa, na ni kiasi gani kilitengwa. Ni njia fupi kuliko zote, haihitaji mjadala, na jibu hutoka kwa idara yenyewe. Ukimwendea MCA wako, usiende na lalamiko tupu. Mpe maswali manne au matano yaliyoandikwa, kila moja likidai tarehe, idadi au kiasi cha fedha. Swali la "serikali ina mpango gani" hujibiwa kwa aya nzima isiyo na kitu. Swali la "ni wahudumu wangapi waliopangiwa zahanati hii kufikia tarehe 1 Julai" halina pa kujificha.

Wa pili ni ardhilhali. Huu ni wako mwenyewe, hata MCA akiwa hataki kukuona. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinampa kila mtu haki ya kuliomba bunge lizingatie jambo lolote lililo ndani ya mamlaka yake, pamoja na kutunga, kurekebisha au kufuta sheria. Inaweza kuwasilishwa na mjumbe kwa niaba yako, au ukaipeleka kwa Karani na Spika akaisoma.

Hoja ni mlango wa mwisho. Iache mpaka kauli na ardhilhali zimekupa ukweli wa mambo, ili maneno yake yawe na meno.

Kuandika ardhilhali isiyorudishwa

Ofisi ya Karani huikagua kwanza, na nyingi hurudishwa kwa makosa madogo. Iandike kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa mkono au chapa, bila kufuta wala kuongeza maneno juu ya mstari. Lugha iwe ya heshima. Kila anayetia sahihi aweke jina, nambari ya kitambulisho na anwani, na angalau baadhi ya sahihi ziwe kwenye ukurasa ulio na ombi lenyewe, zisiwe zote kwenye karatasi iliyoambatishwa, ili mtu asije kudai watu walitia sahihi jambo wasilolisoma.

Mambo mawili husahaulika. Lazima ueleze kama jambo lilishapelekwa kwa idara inayohusika na ilijibu nini, na lazima useme kama liko mahakamani. Kwa hiyo barua kwa idara ya afya ya kaunti itangulie, ipokelewe kwa mhuri, na nakala yake uitunze. Mfano wa maandishi:

"Sisi tuliotia sahihi hapa chini, wakazi wa Wadi ya …, Kaunti ya …, tunaliarifu Bunge la Kaunti kwamba: zahanati ya … ilifungwa tarehe …, wagonjwa sasa husafiri kilomita … kufuata matibabu, tuliiandikia idara ya afya tarehe …, nakala imeambatishwa, na hatujajibiwa, na jambo hili haliko mbele ya mahakama yoyote. Kwa hivyo tunaliomba Bunge, kupitia kamati yake ya afya, lichunguze sababu za kufungwa kwa zahanati, limtake waziri wa kaunti ataje tarehe ya kuifungua, na lipendekeze fedha za wahudumu na dawa ziwekwe katika makadirio ya mwaka ujao wa fedha."

Ombi la tatu hapo, la fedha, ndilo watu huliacha. Usiliache.

Ikishasomwa, hupelekwa kwa kamati, ambayo kwa kawaida hupewa siku 60 kuleta ripoti. Hesabu siku hizo kuanzia tarehe iliposomwa bungeni, si siku uliyoipeleka ofisini, na muda ukikaribia kwisha mwandikie Karani kumkumbusha.

Mbele ya kamati

Kamati ndiko kazi inakofanyikia. Kikao cha bunge zima hupitisha kile ambacho kamati imeshapika. Kwa kifungu cha 195 cha Katiba, bunge la kaunti na kamati zake zina mamlaka ya kumwita mtu yeyote kutoa ushahidi na kudai hati, sawa na Mahakama Kuu katika jambo hilo. Daktari msimamizi, mhasibu wa idara, hata mwanakandarasi, wote wanaweza kuitwa. Pendekeza majina ya vyeo hivyo kwenye barua yako kwa kamati, maana wajumbe wana mafaili mengi na hawajui nani ana ufunguo wa ghala lenu la dawa.

Ukiitwa kuzungumza, chagua wawili tu wa kusema: mmoja anayejua tarehe na barua, na mmoja aliyeathirika mwenyewe, mathalani mama aliyejifungulia njiani, iwapo yuko tayari. Peleka nakala za karatasi zako za kuwatosha wanakamati wote. Mtu akisema mambo kumi na akasema kwa hasira, katibu wa kamati huandika "wakazi walilalamika." Mtu akisema tarehe tatu na akakabidhi barua tatu, huandikwa hivyo hivyo kwenye ripoti.

Na iombe kamati iweke muda kwenye kila pendekezo. "Idara ifungue zahanati" ni maneno. "Idara ifungue zahanati ndani ya siku 90 tangu kupitishwa kwa ripoti hii" ni kitu unachoweza kurudi nacho.

Fuata pesa mwezi Februari, si Juni

Ningependa sehemu hii isomwe mara mbili.

Wananchi hujaa kwenye mikutano ya bajeti mwezi Mei na Juni. Wakati huo mlango umebaki nyufa tu. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, safari ya bajeti ya kaunti huanza kwa Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, ambao hufika bungeni kufikia tarehe 1 Septemba, miezi kumi kabla ya mwaka wa fedha wenyewe. Kisha kufikia tarehe 28 Februari huja waraka wa mkakati wa fedha, ambao maafisa huuita CFSP, na bunge lina siku 14 tu kuujadili na kuupitisha. Waraka huo ndio unaoweka kikomo cha kila idara. Makadirio kamili hufika kufikia tarehe 30 Aprili na hupaswa kupitishwa kabla ya tarehe 30 Juni.

Sasa tazama kanuni za fedha za kaunti za mwaka 2015. Bunge linapobadilisha makadirio, haliruhusiwi kuongeza au kupunguza fungu la idara kwa zaidi ya asilimia moja ya kikomo chake. Tuseme kikomo cha idara ya afya ni shilingi bilioni 2. Mwezi Juni bunge lote likikubaliana nawe kwa sauti moja, linaweza kusogeza shilingi milioni 20 tu, na milioni hizo zinagombewa na wadi zote. Mwezi Februari kikomo chenyewe ndicho kinachojadiliwa.

Kwa hiyo ardhilhali ya zahanati ikipelekwa Oktoba au Novemba, ripoti ya kamati itatoka kabla ya waraka wa Februari au pamoja nao. Ikipelekwa Mei, itangoja mwaka mzima hata kama kila mtu ameikubali. Na kama zahanati haimo kwenye Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, afisa wa bajeti atakuwa na sababu halali ya kukukatalia, maana Sheria ya Serikali za Kaunti hairuhusu fedha za umma zitengwe nje ya mpango. Nenda Agosti, rasimu ikiandaliwa, uhakikishe jina la zahanati limeandikwa.

Jihadhari pia na bajeti ya nyongeza katikati ya mwaka. Hupita haraka, na mradi uliopigiwa vigelegele Juni unaweza kuondolewa humo kimya kimya. Tafuta jina la mradi wako katika kila bajeti ya nyongeza, kisha katika ripoti za robo mwaka za Mdhibiti wa Bajeti, zinazoonyesha matumizi ya kila kaunti idara kwa idara.

Ukialikwa kwenye kikao cha maoni kuhusu bajeti au ushuru, nenda, na uhifadhi tangazo lake: lilitoka lini, kikao kilifanyika wapi, hati zilipatikana au la. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Karatasi ndogo kama hizo ndizo huamua kesi kama hizo.

Azimio likishapita

Chukua nakala ya ripoti na ya kumbukumbu za kikao kilichoipitisha. Kanuni za mabunge mengi humpa waziri husika siku 60 kulieleza bunge ametekeleza nini, na kuna Kamati ya Utekelezaji ambayo kazi yake ni kufuatilia maazimio na ahadi tu. Wananchi wachache huijua. Iandikie siku ya 61 kwa barua fupi: tarehe ya azimio, maneno yake neno kwa neno, hali ya zahanati leo pamoja na picha, na ombi kwamba waziri aitwe.

Idara ikikunyima taarifa, tumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili, na huna haja ya kueleza kwa nini unataka taarifa hizo. Ofisi ina siku 21 kujibu, na inaweza kuongeza siku 14 mara moja tu. Maombi yanayohusu uhai au uhuru wa mtu hujibiwa ndani ya saa 48. Kupeleka ombi hakulipishwi, ingawa unaweza kutozwa gharama ya kunakili. Ukinyimwa au ukinyamaziwa, una siku 30 kupeleka suala hilo kwa Tume ya Haki za Utawala (Commission on Administrative Justice), yaani ofisi ya Ombudsman. Kwa zahanati ningeomba vitu vitatu: orodha ya wahudumu waliopangiwa kituo hicho, hati za dawa zilizopelekwa huko kwa miezi kumi na miwili, na mkataba wa ukarabati kama upo.

Mlango ukifunguliwa, rudi bungeni mara moja zaidi, robo ya mwaka inayofuata, ukague kama mishahara na dawa bado zina fedha. Zahanati huweza kufunguliwa kwa utepe na ngoma huku fungu lake la dawa likiwa halijajazwa, na jambo hilo huonekana tu kwa mtu aliyeshika karatasi.